Namna ya Kusoma Riwaya za Wakristo wa Kwanza kwa Faida ya Imani Yako

Riwaya ya kihistoria kuhusu Wakristo wa karne za mwanzo inaweza kumkuza msomaji kiimani, na inaweza pia kumwachia msisimko wa jioni moja tu. Maelekezo haya ni kwa anayetaka riwaya ya namna hiyo imguse katika sala na maamuzi yake, awe anasoma peke yake au na wenzake wa jumuiya.

Kwanza, fahamu hadithi imewekwa katika mwaka gani na chini ya mtawala yupi, kwa kuwa mateso hayakuwa ya aina moja. Kaisari Nero aliwaua Wakristo wa Roma baada ya moto wa mwaka 64, akiwabebesha lawama ya kuuteketeza mji. Karibu na mwaka 112, liwali Plinio Mdogo, aliyetawala Bithinia na Ponto katika Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Traiano kutaka mwongozo, naye akajibiwa kwamba Wakristo wasisakwe, ila wakishtakiwa na kuthibitika waadhibiwe, isipokuwa atakayeikana imani na kuiabudu miungu. Amri ya kuwalazimisha wakazi wa dola nzima watoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya ushahidi ilikuja karibu na mwaka 250, wakati wa Kaisari Decius. Kwa hiyo riwaya inayoonyesha askari wakigonga kila mlango katika kila kizazi imetia chumvi.

Yapo makosa mengine yanayojirudia, na inafaa uyajue mapema. Uwanja wa Koloseo ulizinduliwa mwaka 80, hivyo wafiadini wa Nero hawakufia humo. Katakombu za Roma zilikuwa makaburi ya chini ya ardhi, wala hazikuwa makazi ya waumini waliojificha. Tukio mashuhuri katika riwaya ya Quo Vadis ya Henryk Sienkiewicz, ambapo Petro anaukimbia mji wa Roma kisha anakutana na Kristo njiani, limetoka katika Matendo ya Petro, maandishi ya karne ya 2 ambayo hayamo katika Agano Jipya. Kujua hivyo hakukuzuii kutafakari tukio hilo, lakini kunakulinda usije ukalinukuu kama Maandiko Matakatifu.

Pili, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, soma riwaya ukiwa na ushuhuda wa wakati ule kando yako. Mzuri kuliko yote kwa kuanzia ni simulizi la Perpetua, mama kijana wa miaka 22 hivi aliyeuawa Karthago, katika Tunisia ya leo, mwaka 203, na ambaye sehemu kubwa ya simulizi hilo inaaminika aliiandika mwenyewe gerezani. Baba yake anapomsihi aikane imani, Perpetua anamwonyesha chombo cha maji kilicho karibu na kumuuliza kama kinaweza kuitwa kwa jina lingine lisilo lake. Naye vivyo hivyo hawezi kujiita kitu kingine ila Mkristo. Aliteswa na giza, joto na hofu juu ya mtoto wake mchanga, lakini aliporuhusiwa kukaa naye na kumnyonyesha, anasema gereza likawa kwake kama jumba la kifalme. Mwenzake Felisita, aliyekuwa mtumwa, alijifungua binti humo humo gerezani, na mtoto huyo akalelewa na dada mmoja Mkristo. Ukishasoma hayo, mhusika wa riwaya asiyeogopa chochote na asiyemlilia mtu yeyote utamwona mwepesi mno, na utakuwa na haki ya kumpima kwa kipimo hicho.

Tatu, usijiweke upande wa mashujaa haraka. Wakati wa Decius wengi walitoa sadaka kwa miungu, na wengine walipata hati kwa rushwa bila kutoa sadaka yoyote. Sipriani, askofu wa Karthago, alijificha kipindi hicho na akalaumiwa kwa hilo; baadaye alikabiliana na swali zito la namna ya kuwapokea tena walioanguka, na mwaka 258 yeye mwenyewe akakatwa kichwa kwa ajili ya imani. Riwaya inayompa nafasi mtu aliyeanguka ni ya thamani kubwa kwa msomaji wa leo, ambaye huenda hajawahi kutishiwa simba lakini amewahi kunyamaza kazini palipohitajika ukweli.

Baada ya kila sura kadhaa, soma Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 4, kisha andika kwa sentensi mbili au tatu jambo ambalo mhusika alilikataa, gharama aliyoilipa, na jambo lako linalofanana na hilo. Mnaposoma kwa kikundi, acheni mjadala wa nani alikuwa jasiri zaidi. Mjiulizeni mngempokea vipi ndugu aliyeikana imani mwezi uliopita na leo amesimama mlangoni akiomba kushiriki nanyi meza ya Bwana.