Klova za Moshi na Arusha: jinsi ya kujua ipi ya kuja na ipi ya hapahapa

Ndugu zangu wa ukanda wa juu, Kibosho, Machame, Marangu mpaka Ilboru kule, zile klova, yaani vimea vya malisho ambavyo kila jani lina vipande vitatu, mnazokata na majani ya ng'ombe kila siku sio aina moja. Zipo zilizoletwa kama malisho, asili yao Ulaya na Asia ya magharibi, halafu zikatoroka zikajiotea barabarani, na zipo za kwetu kabisa, za milima ya Afrika Mashariki. Watu wengi wanaziweka kapu moja kwasababu wanaanza na rangi ya ua, na rangi ndio kitu cha mwisho kuangalia, mi nawaambia anzieni chini, shina kwanza.

Kabla ya yote toa ile ya chachu, ile watoto wanayotafuna. Nayo ina majani matatu lakini kila kipande kimekatika juu katikati kama kopa la karata, ua lake lina petali tano zilizofunguka wazi na liko moja moja au kifungu kidogo tu. Hiyo ni Oxalis, haina undugu na klova. Ya zambarau yenye vitunguu vidogo chini ya udongo ni Oxalis latifolia, imetoka Amerika huko na wenye shamba la maharage wanaijua inavyosumbua, ukiing'oa vile vitunguu vinabaki. Klova yenyewe ipo ukoo wa maharage na kunde, kwahiyo ua lake moja moja ukilitazama kwa karibu ni kama ua dogo la maharage, ila yamejazana mengi pamoja yanafanya kichwa kimoja cha duara.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, klova nyeupe. Hapa ndio watu wanachanganya kuliko kote maana zipo mbili, ya kuja ni Trifolium repens na ya kwetu ni Trifolium semipilosum. Zote zinatambaa, zote zinatoa mizizi kwenye vifundo vya shina, zote kwa kawaida zina ile alama nyeupe kama V kwenye majani, na zote ua ni jeupe au lina upinki kidogo na likizeeka linainamia chini na kuwa kahawia, yaani ukipiga picha kwa juu tu hutoki hapo. Tofauti ipo kwenye vinyweleo. Subiri umande ukauke, chuma jani moja pamoja na kikonyo chake, liinue lielekee jua halafu angalia pembeni ya kikonyo, kama huna kioo cha kukuzia fungua kamera ya simu uzumu. Repens kikonyo ni kitupu, kinateleza, na ukigeuza jani nyuma hukuti kitu cha maana. Semipilosum utaona vinyweleo vyeupe vimesimama kando ya kikonyo, kwenye kile kijiti kinachobeba kichwa cha maua pia, na hata kile kikombe cha kijani kinachoshika ua moja moja kina vinyweleo. Usiangalie jani moja ukaamua, chuma matatu manne kutoka mashina tofauti kwasababu jani likizeeka vinyweleo vinapukutika.

Klova nyekundu, Trifolium pratense, hiyo ni ya kuja na ni rahisi ukishajua pa kushika. Yenyewe haitambai na kutoa mizizi kila kifundo, inatoka kwenye mzizi mmoja mkubwa na mashina yanajiinua, ina vinyweleo, na kichwa chake cha pinki kuelekea zambarau kimekalia majani, yaani chini yake tu unakuta jani moja au mawili yamekibeba, hamna kijiti kirefu kitupu. Hiyo ishike sana kwasababu huku juu mlimani tuna ya kwetu, Trifolium burchellianum, nayo ua ni zambarau lakini inatambaa na kichwa kimesimama peke yake juu ya kijiti kirefu. Mtu wa haraka anaona zambarau anasema pratense, hapana jamani, shusha macho chini ya kichwa kwanza.

Ukikuta kichwa cheupe juu na pinki chini, shina limejiinua, halina vinyweleo, vifundo havitoi mizizi na majani hayana ile V, hiyo ni Trifolium hybridum, ya kuja pia.

Za njano ni vurugu kidogo. Angalia ncha ya kila kipande cha jani, kama kuna kijisindano kidogo katikati ya ncha na matunda yakikomaa ni meusi yamejikunja, hiyo ni Medicago lupulina, sio klova halisi. Na kama tunda limejizungusha lina ndoano zinazong'ang'ania suruali na manyoya ya kondoo, hiyo ni Medicago polymorpha. Klova halisi za njano kama Trifolium dubium petali zinakauka zinabaki zimefunika tunda, hulioni mpaka upekenyue.

Ukitaka uhakika chukua mmea mzima, na mzizi, na kipande cha shina chenye kifundo, na kichwa cha maua, sio ua peke yake. Ubane kwenye magazeti chini ya matofali, badilisha gazeti kila siku mpaka ukauke, andika pembeni mahali, tarehe, na rangi ya ua maana ikikauka inapotea. Hebari ya Taifa ipo hapahapa Arusha, Ngaramtoni, wana mimea iliyokaushwa ya kulinganishia. Na wenye ng'ombe, vyovyote itakavyokuwa aina, msimpe klova mbichi tupu akiwa na njaa, tumbo linajaa gesi na linaua, changanyeni na majani mengine au mpeni nyasi kavu kwanza.