SOMO: Leza haikati plaiwudi? Pitia haya kabla hujapandisha pawa

Wakuu habari za saa hizi. Naona watu wa Moshi na Arusha tunaochonga viholda vya funguo na twiga za maduka ya watalii tunalia kilio kimoja: mashine ilikuwa inakata plaiwudi ya mm 3 safi kabisa, sasa inaunguza juu tu, ukigeuza nyuma hamna hata alama. Na karibu kila mtu anakimbilia kusukuma pawa mpaka mia. Hiyo kwangu ni ya mwisho, na mwenye tyubu la CO2 (leza ya tyubu la kioo lenye gesi) asiifikirie kabisa, ntaeleza chini huko.

Kwanza jua una mashine gani. Diode (ule mwanga wa bluu, nanomita 450 hivi) mara nyingi namba kubwa ya kwenye boksi ni umeme unaoingia, sio mwanga unaotoka, yaani unakuta imeandikwa wati 40 afu mwanga ni wati 5 tu. Wati 5 mm 3 inakata ila kwa kurudia rudia, usijipime na jirani mwenye CO2.

1. Lenzi. Zima, chomoa waya, angalia kwa tochi. Ukiona ukungu wa kahawia hayo ni masizi, na masizi yanakula mwanga afu yanapasha lenzi moto mpaka inapasuka. Pamba za masikio na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, futa taratibu, acha ikauke ndo uwashe. Usifutie fulana. Lenzi ya CO2 ni ya zinki selenaidi, laini na ikivunjika vumbi lake ni sumu, ukiirudisha upande uliobinuka utazame juu. Na vioo vyake vitatu navyo vifutwe.

2. Fokasi (umbali ambao mwanga unakusanyika na kuwa nukta ndogo kabisa), hapa ndo wengi wanapofeli. Chukua kipande cha ubao ukiinamishe, uweke kitu chini upande mmoja, chora mstari mmoja mrefu kwa pawa ndogo kutoka chini kupanda juu. Mstari utaanza mnene, utakonda, utanenepa tena. Pale ulipokonda kabisa pima umbali mpaka kwenye kichwa, hiyo ndo fokasi yako, andika kwa maka peni kwenye mashine. Kwa kukata mm 3 shusha fokasi kama mm 1 iingie ndani ya ubao. Ila yote hayo ni bure kama ubao wenyewe umejikunja kama ngozi iliyoanikwa juani, kona moja iko kwenye fokasi na katikati iko hewani, ubane na sumaku au vyuma vizito.

3. Hewa. Bila hewa moshi unakaa kwenye mkato na kuzuia mwanga. Pampu ya tangi la samaki inasaidia kidogo, kompresa ndogo ni bora, mpira uelekee palepale mwanga unapogusa. Ubao uinuliwe, usilale kwenye meza, hata juu ya misumari inatosha.

4. Plaiwudi yenyewe. Hili nalisema kwa herufi kubwa, ANGALIA UBAVU WA BODI KABLA HUJALIPA. Mistari ya gundi ikiwa myeusi hiyo ni gundi ya fenoli, ya bodi za nje na za kumwagia zege, muuzaji atakwambia hiyo ndo imara na wala hadanganyi, ndo maana leza inagonga mwamba, ile gundi inageuka mkaa badala ya kukatika. Tafuta yenye gundi nyeupe au ya maji ya kunde, ya ndani. Na humo ndani kuna viraka na vifundo ambavyo huvioni, ndo unakuta herufi tisa zimetoka ya kumi imegoma. Msimu wa masika bodi inanyonya unyevu, ihifadhi ndani, ilale bapa. Mi siku hizi sinunui shiti zima la futi 8 kwa 4 bila kuomba kipande nikakate viduara vya majaribio.

5. Settingi. mm 300 kwa dakika ni mm 5 kwa sekunde, ukichanganya hivyo viwili umekosea mara 60. Na wa GRBL (programu iliyo ndani ya bodi ya mashine nyingi za diode) hakikisha settingi ya $30, yaani namba inayomaanisha pawa kamili, iko sawa na kiwango cha juu cha S (namba ya pawa) kwenye programu ya kompyuta, $30 ikiwa 1000 na programu inatuma 255, unatumia robo ya pawa wakati skrini inasema mia.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Mkuu mi nina K40 (ile CO2 ndogo ya wati 40), asubuhi inakata, mchana haikati, nimepandisha mpaka miliampia 22.

Jibu: Shusha kaka, tyubu la wati 40 usizidishe 18, utaliua. Tatizo ni maji ya ndoo yanayopoza tyubu, yanapata joto. Yakipita nyuzi 25 pawa inashuka. Tumbukiza chupa za barafu zilizofungwa, na tumia maji ya betri ya sheli, sio asidi, soma chupa vizuri.

Dada wa Soweto, Moshi: Yangu inakata ila kingo nyeusi tii, wenye maduka wanazirudisha.

Jibu: Dada unaenda taratibu mno. Ongeza spidi, pitisha mara mbili tatu, hewa kali. Bandika ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi pande zote mbili.

Fundi Ngaramtoni: Miwani ya jua inafaa?

Jibu: Hapana aisee. Tumia iliyoandikwa nanomita za leza yako, jicho halina spea.

Mdau wa Pasua: Bro hatua ya 5 ndo yenyewe, $30 ilikuwa 1000 programu 255, nimerekebisha!

Jibu: Safi, ila usikate oda na settingi za jana, pawa imepanda karibu mara nne. Anza upya na viduara, ndoo ya maji iwe karibu, na usitoke kwenda kununua vocha mashine ikiwa inakata.