Jinsi ya Kutambua Pingili za Mgongo Zilizoliwa na Aneurizimu ya Aota

Mgonjwa aliyepita miaka 60, mvutaji wa sigara na mwenye shinikizo la damu, anapolalamikia maumivu ya kiuno yasiyotulizwa na dawa, picha yake isisomwe kwa kutazama mfupa peke yake. Mbele ya pingili za kiuno hupita aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ambayo tumboni huwa na upana wa takriban sentimita 2. Ikifikia sentimita 3 huitwa aneurizimu, yaani mshipa uliotutumka kwa kudhoofika ukuta wake. Ikikua sana, kila pigo la moyo huisukuma dhidi ya mfupa, na mfupa humomonyoka taratibu. Pengine ukuta wa nyuma hupasuka, lakini damu ikazuiwa na uti wa mgongo na misuli iliyo kando yake, na mgonjwa akaendelea kutembea kwa wiki au miezi.

Anza na eksirei iliyopigwa kwa ubavu. Fuata ukingo wa mbele wa pingili, moja baada ya nyingine, ukitafuta mbonyeo laini kama wa bakuli. Diski zilizo kati ya pingili hustahimili msukumo huo kuliko mfupa, kwa hiyo mara nyingi hubaki zimejitokeza huku pingili zenyewe zimeingia ndani. Mbele yake tafuta mstari mwembamba wa chokaa uliopinda, ambao ni ukuta wa aneurizimu. Usipouona, usidhani kwamba aota ni salama.

Ultrasaundi itakupa upana wa mshipa, lakini haionyeshi vizuri kilichoupata mfupa. Kipimo cha kutegemewa ni CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili mkato kwa mkato, yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na picha zake zitazamwe kwa mkato wa kukingama na wa ubavu pia. Angalia ukuta wa nyuma wa aota: je, umelala juu ya pingili kama kitambaa kilichotandikwa, bila mpaka kati ya viwili hivyo? Je, duara la chokaa limekatika mahali? Je, kuna damu iliyojikusanya katika misuli ya kando ya uti?

Hapa Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu cha mgongo si ugonjwa wa nadra, hatari kubwa ni kuiita damu hiyo usaha. Kifua kikuu kwa kawaida hula mfupa karibu na diski na hatimaye kuipunguza diski yenyewe. Saratani iliyosambaa hupenda kushambulia pia sehemu za nyuma za pingili. Aneurizimu hula upande wa mbele, na kingo za mfupa mara nyingi huwa ngumu na zenye weupe. Hata hivyo homa haiondoi aneurizimu, kwa kuwa maambukizi, kifua kikuu kikiwamo, yanaweza kuuharibu ukuta wa aota na mfupa kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo sindano ya kuchukua kipande kidogo cha nyama cha kupimwa au kunyonya usaha isiingizwe kabla aota haijaonekana wazi kwenye CT. Katika ripoti andika upana wa aneurizimu, pingili zilizoliwa na kina cha mmomonyoko, na kama mfereji wa uti wa mgongo umeguswa. Kisha mpigie simu daktari wa upasuaji wa mishipa papo hapo, hata kama mgonjwa ameketi anazungumza na shinikizo lake la damu ni tulivu.