Somo: Foto za dhahania kwa ukuta mmoja wa makoro (mawe ya lava)

Wiki hii tena watu watatu: «Yaya, hizi foto zisizo na mtu wala nyumba unazitoa wapi?» Naandika mara moja, tusirudiane.

1. Futa lenzi ya telefone. Vumbi la Goma unalijua.

2. Chagua kitu kimoja cha karibu. Mimi nina ukuta wa makoro nyuma ya jikoni. Usipande pikipiki mpaka mtaa wa Himbi kutafuta uzuri.

3. Sogea mpaka kitu kipoteze jina. Ukiona bado ni ukuta, sogea tena.

4. Mwanga. Hapa ndipo nilipoanguka. Baada ya lava ya Mei 2021, ya volkano yetu Nyiragongo, nilikwenda upande wa Buhene saa sita mchana, nikapiga foto karibu 200. Kufika nyumbani: foto zote kijivu, kama majivu. Kamera haijui kwamba jiwe ni jeusi. Inavuta kila kitu kifikie kijivu cha kati, kwa hiyo cheusi inakipausha. Kwenye kioo cha telefone, shikilia kidole juu ya jiwe mpaka mwanga ufungwe, kisha shusha mwanga hadi weusi urudi. Tena tuko karibu na ikweta, jua linapanda mbio. Ikipita saa tatu asubuhi vivuli vya mikunjo ya jiwe vimekwisha. Toka saa kumi na mbili na nusu, jua likipita ubavuni. ONYO: lava iliyoganda inakata kama kioo, goti langu linajua. Na usielekeze telefone kwa askari, bandari wala mpaka, hata ukuta wao uwe mzuri namna gani.

5. Kila usiku baki na foto moja, andika neno la kwanza linalokujia. Baada ya wiki tatu nilikuta «mgongo» limerudi mara 7. Bibi alikuwa akinibeba mgongoni kwenda soko la Kituku. Tangu siku ile natafuta migongo tu: ya makoro, ya chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), ya gunia la makaa.

MASWALI

— Mbona zangu zinatoka kijivu?
— Namba 4.
— Nimeuliza tu.
— Na mimi nimejibu tu, ndugu. Ulipiga saa ngapi?
— Saa saba.
— Basi.

— Telefone gani ninunue?
— Uliyo nayo. Yangu ina ufa.

— Yaya, mimi mshonaji, mtaa wa Birere. Sina ukuta, nina vipande vya vikwembe (vitenge) chini ya mashine. Vinafaa? Na wakisema havina maana?
— Dada, umenizidi mali. Usivipange, viache vilivyoanguka. Fungua mlango, zima taa, upige kutoka juu. Kuhusu maana: Alfred Stieglitz wa Marekani alikuwa tayari na jina kwa foto za watu na za mji alipoanza, mwaka 1922, kupiga mawingu. Aliendelea miaka, akisema yanalingana na yaliyomo moyoni mwake. Mawingu ya bure, kama vipande vyako. Ukipata, nionyeshe.
— Aksanti. Na lenzi, kikwembe kikuukuu kilichofuliwa sana kinafuta vizuri kuliko karatasi.
— Hiyo sikuijua. Mimi nilikuwa natumia shati.
— (Kaka mmoja) Mimi natumia mate.
— Ndiyo maana zako zina ukungu, kaka.