Karatasi na mikeka ukutani: jinsi ya kuvalisha nyumba ya Lamu bila kuukaba ukuta

Ukuta wa nyumba ya kale hapa Lamu unapumua, na kila fundi anayegusa kuta hizi lazima aanzie hapo. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, una unene wa karibu nusu mita, na chini hauna kizuizi chochote cha maji ya ardhini. Unyevu hupanda kutoka msingini pamoja na chumvi yake, hutoka polepole kupitia plasta ya chokaa, kisha upepo huuchukua. Ukiufunika ukuta huo kwa plastiki, maji hayapotei. Yanakaa nyuma ya urembo wako na kuula.

Nimeliona hili katika kazi yangu mwenyewe. Nyumba ya kwanza niliyoivalisha ilikuwa Mkomani, na mwenye nyumba alichagua vinili nzito yenye mng'ao, ile karatasi ya ukuta yenye plastiki, kwa ajili ya chumba cha chini. Tuliibandika kaskazi imekolea, ukuta ukiwa mkavu, ikatoka nzuri. Masika yalipopita akaniita: "Fundi, njoo unuse chumba chako." Vinili ilikuwa imejaa malengelenge. Nilipoivuta ilitoka na plasta, na nyuma yake kulikuwa na kuvu jeusi kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Nilimrudishia fedha zake na kuupaka ukuta chokaa upya. Tangu siku hiyo siuzi urembo kabla ya kuusoma ukuta.

Mwongozo huu ni kwa nyumba za mawe za Lamu, Shela na mitaa ya kale. Aliye Malindi kwenye nyumba ya matofali ya saruji atafuata hatua zilezile, na kazi yake ni nyepesi zaidi: plasta ya saruji ni ngumu, kona zimenyooka, na vinili inakubalika mradi ukuta umekauka. Plasta mpya ya saruji usiibandike kitu kabla ya wiki nne. Karibu na bahari mimi hungoja zaidi, kwa sababu ukali wa saruji mbichi hubadilisha rangi ya karatasi.

Hatua ya 1: Usome ukuta

Chukua kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita. Pangusa vumbi ukutani, kisha ukibandike kwa ile selotepu pana ya kufungia maboksi, pande zote nne, hewa isipite. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Ukiyakuta upande wa chumbani, huo ni unyevu wa hewa tu, na dawa yake ni madirisha na feni. Fanya hivyo mahali patatu: karibu na sakafu, usawa wa kifua, na chini ya boriti. Ukiweza, pima mwishoni mwa masika. Kaskazi humdanganya fundi, kwa sababu kuta zote huonekana nzima.

Kisha tafuta chumvi. Ni unga mweupe laini unaochipuka juu ya plasta, mara nyingi ukiwa na mstari wake wa juu kama alama ya maji kujaa. Chora mstari huo kwa penseli. Chini yake usibandike karatasi ya aina yoyote. Chumvi yenyewe iondoe kwa brashi kavu, uizoe na kuitupa nje. Ukiiosha kwa maji itayeyuka, itaingia ndani ya ukuta, na itatoka tena mwezi ujao.

Kagua pia ukuta unaopakana na choo chenye birika, yaani tangi la maji. Nyumba nyingi za kale zina birika la kujengwa, na likiwa na ufa mdogo ukuta wa chumba cha pili huloa daima, hata ukiwa ghorofani. Ziba birika kwanza.

Kwa jumla, karatasi ni ya ghorofani. Vyumba vya juu ni vikavu, vina upepo, na chumvi haifiki. Chini naweka mikeka, kwa namna nitakayoieleza.

Hatua ya 2: Chagua vazi

Kuna aina tatu ninazozitumia. Ya kwanza ni karatasi ya kawaida isiyo na plastiki juu yake. Inapitisha unyevu, bei yake ni ya chini, lakini ikilowa gundi hutanuka na hupasuka upesi mikononi. Ya pili ni karatasi ya nyuzi zilizoshindiliwa bila kufumwa. Hii haitanuki, gundi hupakwa ukutani na si kwenye karatasi, na siku ya kuitoa inatoka nzima bila kuchubua plasta. Kama mfuko unaruhusu, chukua hii. Ya tatu ni nyuzi za majani zilizosukwa, na hapa pwani tunayo yetu: mkeka wa miyaa.

Kuhusu nakshi nina msimamo. Usibandike milia iliyonyooka wala miraba kwenye nyumba ya mawe ya kale. Kuta hizi zina tumbo, kona hazikutani sawa, na dari hushuka upande mmoja. Mstari ulionyooka utazitangaza kasoro zote. Chagua majani, maua yaliyotawanyika, au mkwaruzo usio na mpangilio. Kwa rangi, kumbuka kwamba vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, na mwanga huingia upande mmoja tu, wa kiwanda, yaani ua wa ndani. Ukivalisha kuta zote nne rangi nzito, chumba kinakuwa pango. Valisha ukuta mmoja, ule mfupi wa mwisho, na nyingine uziache na weupe wake.

Na zidaka, vile vishubaka vya plasta ukutani, zisiguswe. Nimewahi kuombwa kufunika ukuta wa zidaka kwa karatasi ya maua, nikakataa. Plasta ile ilichongwa kwa mkono, nyingi ni ya karne ya 18 na ya 19, na gundi ikishaingia kwenye michongo haitoki. Mji wa kale uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Kabla ya kugusa plasta yoyote ya kale, wasiliana na watu wa makumbusho. Watakwambia kipi kinaruhusiwa.

Hatua ya 3: Pima na uhesabu

Jora moja la kawaida la karatasi lina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05. Pima urefu wa ukuta mahali patatu uchukue ulio mrefu kuliko yote.

Tuseme ukuta wa mwisho una upana wa mita 2.70 na urefu wa mita 3.20. Gawanya 2.70 kwa 0.53, unapata 5 na kidogo, kwa hiyo unahitaji mikanda 6. Kila mkanda ongeza sentimita 10 za kukata juu na chini: mita 3.30. Karatasi isiyo na nakshi ya kulinganisha itatoa mikanda 3 kwa jora, kwa hiyo majora 2 yanatosha. Lakini ikiwa nakshi inajirudia kila sentimita 64, mkanda hauwezi kukatwa kwenye 3.30. Lazima ufike kwenye rudio la 6, yaani mita 3.84, na jora litatoa mikanda 2 tu. Hapo unahitaji majora 3. Watu wengi hupungukiwa hapa, na mzigo mpya ukija una namba nyingine ya toleo na rangi haioani. Kagua namba hiyo kwenye kila jora kabla ya kulipa, na ongeza jora moja la akiba.

Mzigo wetu unavuka kwa boti kutoka Mokowe, kisha hupanda mtaani kwa punda. Funga kila jora kwa nailoni mbili, na lisafiri limelala. Likisimama, kingo za chini hukunjika, na ukingo uliokunjika huonekana kwenye kila kiungo.

Hatua ya 4: Tayarisha ukuta

Gonga ukuta mzima kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama ngoma, plasta imeachana na jiwe: ibomoe na uijaze kwa chokaa na mchanga usio na chumvi. Usijaze kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jirani zake, huzuia unyevu, na baada ya mwaka utaona ufa ukiizunguka kama kisiwa. Kiraka kipya cha chokaa kipe wiki kadhaa kikauke.

Pitisha skrepa kutoa matabaka yote ya chokaa yaliyolegea. Hii ni kazi ya siku nzima, funga pua na mdomo. Pitisha msasa, pangusa vumbi, kisha sugua kiganja ukutani. Kikirudi cheupe, bado. Kikirudi safi, paka gundi nyepesi iliyozimuliwa kwa maji zaidi, uiache ikauke usiku kucha. Inafunga unga uliobaki na kuuzuia ukuta usinyonye gundi yako ya kesho kwa pupa.

Kama ukuta una mabonde madogo, bandika kwanza karatasi nyeupe ya msingi, ukiilaza kwa upana kama safu za matofali. Hivyo viungo vya juu na vya chini havitakutana.

Hatua ya 5: Gundi

Tumia gundi ya unga ya selulosi inayouzwa kwa ajili ya karatasi za ukuta. Uji wa ngano unashika, lakini unalisha mende na kuvu. Koroga kwa maji matamu, yale yanayotoka visima vya matuta ya Shela. Maji ya kisima yenye chumvi yatakurudishia ukutani kile ulichokitoa kwa brashi jana. Nyunyiza unga kwenye maji, si maji kwenye unga, na ukoroge hadi pasiwe na madonge.

Hatua ya 6: Bandika

Usianzie konani. Ning'iniza timazi, ile kamba yenye uzito, katikati ya ukuta, piga mstari wa penseli, na mkanda wa kwanza uufuate huo. Kona zipokee vipande vilivyobaki, maana huko ndiko upotovu unakojificha.

Karatasi ya kawaida ipake gundi mgongoni, ikunje gundi kwa gundi, uiache dakika 5 hadi 10 ilainike. Iache kila mkanda muda uleule, usiuharakishe mmoja na kuuchelewesha mwingine, la sivyo itatanuka tofauti na nakshi haitalingana. Ile ya nyuzi zilizoshindiliwa haipakwi kitu: paka ukuta, pana kidogo kuliko mkanda, uweke moja kwa moja.

Shika kutoka juu, acha sentimita 5 zizidi, kisha shusha brashi bapa kutoka katikati kwenda kingo, kama unavyonyoosha shuka ya kitanda. Viungo viguse bila kupandana. Gundi ikitoka, ifute papo hapo kwa sponji lenye unyevu. Kata juu na chini kwa wembe mpya. Mimi hubadilisha wembe kila mikanda miwili, kwani butu huchana karatasi mbichi.

Ukimaliza, funga madirisha na uzime feni hadi kesho yake. Kusi likivuma chumbani, kingo hukauka kabla ya katikati na viungo hufunguka.

Hatua ya 7: Mkeka kwa kuta za chini

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayofaa chumba cha chini. Nunua ukili, yaani mikanda ya miyaa iliyosukwa, ambao haujashonwa, moja kwa moja kwa kina mama wanaosuka, na ueleze urefu unaoutaka mapema. Kila msukaji ana mkono wake, kwa hiyo ukuta mmoja apewe mama mmoja. Ukili wa rangi usugue kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikihama, urudishe, au uchukue usiotiwa rangi. Uanike juani siku mbili kabla ya kuutumia.

Usiugundishe ukutani. Tengeneza fremu ya vibao vyenye unene wa sentimita 2, vilivyopakwa dawa ya mchwa, na uifunge ukutani ukiacha sentimita 15 juu ya sakafu na nafasi wazi juu. Hewa ipite nyuma ya mkeka kutoka chini kwenda juu, na ukuta uendelee kupumua. Chimba tundu kwa drili isiyogonga: tumbawe ni jiwe la vinyweleo, likigongwa humeguka na tundu linakuwa shimo. Skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida zitalia machozi ya kutu kwenye mkeka ndani ya msimu mmoja.

Simamisha ukili wima, ukingo kwa ukingo, uushone kwa uzi wa miyaa kama wanavyoshona mkeka wa kulalia, kisha uubane kwenye fremu juu na chini kwa ubao mwembamba. Ubao wa chini uufunge kwa skrubu mbili tu. Baada ya kila masika utaufungua, uinue mkeka, na upitishe brashi kavu kuondoa chumvi iliyotoka ukutani.

Kipande cha jora kilichobaki kiviringishe pamoja na karatasi yenye namba ya toleo, ukiweke juu ya kabati, mbali na ukuta. Kiungo kikifunguka mwakani, paka gundi kidogo kwa brashi ya kuchorea, ukibane kwa kitambaa. Na kama ni lengelenge lililotokea, lipasue kwa wembe, uingize kidole kwanza. Kikitoka kikavu, tia gundi. Kikitoka kimelowa, weka gundi chini na urudi kwenye ile nailoni ya nusu mita.