Blanketi la kochi kwa mpenzi wa muvi za saifai: anza na weusi

Huku Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi haina huruma, na mdogo wangu ni mtu wa muvi za saifai kwelikweli, meli za anga, roboti, sayari zenye majua mawili, akianza sizoni hashuki kwenye kochi mpaka jogoo awike. Mwaka jana nikamwagizia blanketi mtandaoni, kwenye picha anga ni jeusi tii na nyota zinang'aa, amelisubiri wiki tatu likaja la kijivu, na akilivuta tu magotini nyuzi nyeupe zinatokea. Iliniuma sana. Ndo maana nayaandika haya.

Picha ya anga za juu karibu yote ni weusi, kwahiyo weusi ndo kipimo chako cha kwanza. Mablanketi mengi ya picha ni ya flisi, kitambaa cha poliesta cheupe kilichoprintiwa kwa joto, rangi inashika juu ya manyoya tu na chini panabaki peupe. Ukiwa dukani lipapase kinyumenyume, tenganisha manyoya kwa vidole viwili uone rangi imeshuka mpaka wapi, alafu livute kidogo kama linavyovutika mtu akikunja magoti. Weupe ukitokea hapohapo, achana nalo hata kama bei ni nzuri. Ukinunua mtandaoni mwombe muuzaji video akilivuta, muuzaji wa kweli atakutumia.

Kuna na yale ya pamba ambayo picha imefumwa na nyuzi zenyewe, hayo hayana shida ya weupe na upande wa pili unapata picha ileile rangi zimegeuzwa. Ila ufumaji hauwezi vitu vidogo vidogo, vumbi la nyota linakuwa vimiraba tu, kwahiyo kwa meli, nembo au roboti chukua la kufumwa, kwa mawingu ya nyota chukua la kuprinti.

Joto sasa. Saizi ya kawaida ni sentimita 127 kwa 152, inamtosha mtu mmoja aliyekaa, akilala miguu inabaki nje, kwa mtu mrefu au wawili tafuta 150 kwa 200. Neno "zito" kwenye tangazo lisikudanganye, uliza gramu. Hilo dogo likiwa na gramu 280 kwa mita ya mraba litapima kama gramu 540 kwenye mizani, likipima chini ya 400 jua ni jepesi, la Dar hilo sio la huku kwetu. Yenye manyoya ya kondoo ya bandia kwa ndani yanafika karibu kilo na kwa kweli ndo ninayoyapenda mimi.

Kuhusu picha, muulize mhusika anapenda nini hasa, maana mpenzi wa saifai anajua meli ina injini ngapi na ikichorwa vibaya ataiona kila siku akijifunika. Kama huna uhakika kachukue anga halisi. Picha za darubini za NASA, shirika la anga la Marekani, kwa kawaida hazina hakimiliki, ile ya Nguzo za Uumbaji, minara ya gesi na vumbi angani, iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995 na darubini ya James Webb ikairudia 2022 inapatikana bure kabisa, unaishusha unampelekea mtu wa kuprinti. Chukua faili kubwa, kwa saizi ile ndogo angalau pikseli 5000 kwa 6000, ukimpa picha ya kwenye simu nyota zitakuwa madoa. Na ukipenda ramani ya nyota, hakikisha kundi la nyota la Msalaba wa Kusini lipo, nyingi zimechorwa kwa anga la kaskazini, na sisi huku msalaba ule tunauona kwa macho.

Likishafika lifue peke yake kwa maji ya baridi, ndani nje, dawa ya kulainisha nguo usiweke maana flisi inashikana, pasi usiiguse kabisa poliesta inayeyuka. Lianike kivulini. La mdogo wangu la sasa lina wingu la nyota rangi ya kutu, limefuliwa mara nyingi tu, na juzi nimelitenganisha manyoya tena pale kwenye magoti, bado jeusi.