Kutafuta kizingiti cha leza kwa mita mbili na betri tatu

Vijana wa Senior Five wanaopita kwenye meza yangu ya ufundi hapa Arua, Uganda, wanajua kuandika kwamba leza ina kizingiti: chini ya mkondo fulani wa umeme diodi yake, yaani kile kipande kidogo kinachotoa mwanga, hutoa mwanga wa kawaida tu, juu yake huanza kutoa leza. Wachache wamewahi kukiona, ingawa kinaonekana kwa macho.

Nunua tochi ya leza nyekundu, ile ya kuning'iniza kwenye funguo, uifungue. Ukikuta resista ndogo ubaoni, iache hapo hapo. Zile betri zake za kitufe ni dhaifu, na udhaifu huo unailinda diodi. Ukiiwekea betri tatu kubwa za volti 1.5 hivi hivi, unaweza kuiunguza. Kwa hiyo unganisha kwa kufuatanisha: betri tatu, resista ya omu 47, volyumu (resista ya kuzungusha) ya kiloomu 1, mita kwenye miliampea, kisha leza. Volyumu ianzie kwenye ukinzani mkubwa kabisa, na usivuke miliampea 30. Usichungulie mdomo wa leza hata kidogo.

Mbele yake weka kipande cha seli ya sola kutoka taa iliyokufa. Kipande kimoja, si paneli nzima, maana ndani ya paneli seli zimefuatana na zilizo gizani huzuia mkondo wa ile iliyopata mwanga. Funga resista ya omu 100 kwenye ncha zake, mita ya pili isome milivolti hapo.

Kwanza elekeza leza kwenye karatasi nyeupe, uzungushe volyumu polepole sana. Utaona doa jekundu, hafifu, laini. Halafu, kwa mzunguko mdogo tu, doa linakuwa kali na kujaa chembechembe zinazometameta, zinazocheza ukisogeza kichwa. Umevuka kizingiti: mawimbi ya mwanga sasa yanakwenda pamoja, ndiyo maana yanaongezana hapa na kufutana pale. Simruhusu kijana kuchora grafu kabla hajaiona hali hii mwenyewe.

Sasa elekeza leza kwenye seli, funika vyote kwa boksi la viatu na usome kila nusu miliampea, kisha chora milivolti za seli dhidi ya miliampea za leza. Grafu italala, kisha itapinda na kupanda. Endeleza sehemu inayopanda kurudi chini kwa rula mpaka ikate mstari wa mkondo. Hapo ndipo kizingiti. Kwa leza hizi mara nyingi huwa kati ya miliampea 10 na 25.

Rudia saa nane mchana, bati likiwa limechomwa na jua: kizingiti kitakuwa kimepanda. Joto ndilo lililowasumbua waanzilishi. Leza ya Robert Hall ya 1962, kule Marekani, ilipozwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Ilipofika 1970 ndipo Alferov na wenzake wa Leningrad, Umoja wa Kisovyeti, pamoja na Hayashi na Panish wa Bell Labs, maabara ya Marekani, walipata leza inayowaka mfululizo kwenye joto la chumbani, kwa kuzibana elektroni ndani ya tabaka jembamba.

Ukipata mausi mbovu ya kompyuta, ya aina ya leza, ndani yake mna leza ndogo zaidi, ya aina aliyoibuni Kenichi Iga wa Japani 1977. Eneo lake la kazi ni dogo mno, elektroni chache zinatosha, lakini vioo vyake, vinavyorudisha mwanga huku na huku ndani yake, lazima virudishe zaidi ya asilimia 99 ya mwanga. Kizingiti chake hushuka hadi miliampea 1 au chini ya hapo. Ipime vivyo hivyo, ila resista iwe kiloomu 1 na volyumu kiloomu 10. Mwanga wake hauonekani kwa macho, kwa hiyo uutafute kwa kamera ya simu.